Lambo na Ngitili

Katika mikutano ya kijiji niliyohudhuria tangu nistaafu kazi ya ualimu, neno moja limenifikirisha kuliko mengine yote, nalo ni neno ruzuku. Likitamkwa tu, waliokuwa wakisinzia huamka, na waliokwisha kushika baiskeli zao ili waondoke huziegemeza tena kwenye mti. Simlaumu mtu kwa hilo. Mtu mwenye kiu humsikiliza yeyote anayetaja maji. Lakini kila nilipolisikia neno hilo nimejiuliza swali ambalo sijapata kulisikia likiulizwa mkutanoni: ruzuku ya kuhifadhi maji hununua kitu gani hasa? Saruji hununulika. Miche hununulika, na mtambo wa kuchimbia hukodishwa kwa saa. Je, mvua kukaa ardhini badala ya kukimbia, hiyo hununuliwa duka gani?

Ndugu msomaji usiyeijua Shinyanga, yafaa nikueleze kwanza nchi yenyewe. Mvua yetu, sehemu nyingi, ni kati ya milimita 600 na 800 kwa mwaka, nayo huja kwa vishindo. Wiki mbili gharika, wiki nne jua. Mito yetu mingi ni mito ya msimu. Ukipita mwezi wa Septemba utadhani ni barabara za mchanga, na humo mchangani ndimo akina mama huchimba visima vya mikono na kuteka kwa kata. Tena ni nchi ya migongo ya maji. Mvua ikinyesha kaskazini mwake, maji huelekea Ziwa Victoria, na yakijaliwa yatafika Misri kwa njia ya Nile. Ikinyesha upande wetu, kusini mwa Kishapu, maji huingia mto Manonga, yakapita mbuga za Wembere na ziwa Kitangiri, yakaishia katika chumvi ya Ziwa Eyasi. Na kule magharibi, upande wa Kahama, yako yanayokwenda Malagarasi na Ziwa Tanganyika. Hivyo watu wa mkoa mmoja, wenye lugha moja na ng'ombe wa rangi moja, maji yao huagana na kwenda pande tatu. Ofisi zetu zimegawanywa kwa wilaya na kata, bali maji yana mgawanyo wake.

Ardhi hii haikuwa tupu tangu mwanzo. Wazee waliotutangulia waliikuta na misitu ya migunga na vichaka vizito. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni ilianza vita dhidi ya mbung'o, na Shinyanga ikawa makao ya utafiti wa mdudu huyo chini ya Mwingereza Charles Swynnerton. Maelfu ya watu waliitwa na mashoka yao, wakafyeka vichaka maili kwa maili ili mbung'o akose kivuli. Mbung'o alirudi nyuma kweli, na ng'ombe wakaongezeka. Likaja zao la pamba, nalo likataka mashamba mapya kila mwaka. Likaja jiko, ambalo halina likizo. Ikaja mwaka 1974 Operesheni Vijiji, watu wakahamishwa kutoka katika maboma yao kwenda kukaa pamoja, na yale malisho ambayo kila ukoo ulikuwa ukiyatunza nyuma ya nyumba yakabaki bila mwenyewe. Mali isiyo na mwenyewe, kila mmoja huikata kabla ya mwenzake. Ilipofika katikati ya miaka ya 1980, Mwalimu Nyerere alipopita mkoani humo, hali ya ardhi ilimsikitisha sana. Watu walikwisha kuiita nchi hii jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 ndipo ulipoanzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao sisi sote tuliuita HASHI. Ulikuwa mpango wa serikali yetu, ukisaidiwa na fedha za Norway, na baadaye watafiti wa kilimo mseto wa ICRAF wakajiunga nao. Nawakumbuka mabwana misitu wa mwanzo na miche yao ya kwenye viriba. Miche mingi ilipandwa, na mingi ilikufa kwa jua na mchwa. Lakini waliokuwa na busara kati ya mabwana wale walikaa na banamhala, yaani wazee wetu, wakauliza: ninyi zamani mlifanyaje? Wakajibiwa: tulikuwa na ngitili.

Ngitili si kitu cha ajabu. Ni kipande cha ardhi ambacho mtu, au ukoo, au kijiji hukifunga mvua zinapoanza. Mifugo haiingii. Nyasi huota, hukua, hukauka zikiwa zimesimama, na kiangazi kikikaza hufunguliwa kidogo kidogo kwa ajili ya ndama, ng'ombe wa maziwa na maksai wa kulimia. Chini ya nyasi hizo visiki vya migunga, ambavyo kumbe havikufa, huchipua vyenyewe. Hakuna aliyevipanda. Kilichotakiwa ni watu kukubaliana kutopeleka mifugo, na dagashida, lile baraza letu la kimila, kumtoza faini anayevunja makubaliano. Inakadiriwa kwamba mpango ulipoanza, ngitili zilizorekodiwa zilikuwa kama hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilihesabiwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji 833. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa faida ya ngitili, ukijumlisha kuni, nyasi, dawa, asali, miti ya kujengea na maji, ilikuwa kama dola 14 kwa mtu kwa mwezi, kupita wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini nchini wakati ule.

Basi twaona kuwa katika habari hii fedha ilikuwapo, nayo ilifanya kazi kubwa. Ililipa mishahara ya mabwana misitu, mafuta ya magari, semina, na ziara za wanakijiji kwenda kuona ya wenzao. Lakini kilichoirudisha misitu ni jambo ambalo halikuwa na stakabadhi. Watu waliacha. Waliacha kuchunga, wakaacha kukata, wakaacha kuchoma moto. Kuacha huku ni kazi, msomaji wangu, tena ni kazi nzito, maana hufanywa kila siku na mtu ambaye ng'ombe wake wana njaa na nyasi anaziona.

Nitoe mfano wa pili, ulio kinyume. Miaka kadhaa iliyopita kijiji chetu kilipata lambo. Sitautaja mfadhili, kwani nia yake ilikuwa njema na wengi wamefanya vivyo hivyo. Mtambo ulikuja, ukachimba siku kadhaa, tuta likashindiliwa, pakawekwa kibao chenye majina. Mvua ya kwanza lambo lilijaa, tukacheza ngoma. Bomba la maji ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele, lililozinduliwa mwaka 2009, limeleta nafuu kubwa katika miji ya Shinyanga na Kahama na kwa majirani wa njia yake, lakini ng'ombe mia tatu hawanyweshwi kwenye bomba la kulipia. Lambo ndilo kisima cha mifugo.

Mwaka wa tano ukitia fimbo katikati ya lambo lile, nusu yake ilizama katika tope. Sababu haikuhitaji mhandisi. Juu ya lambo kuna mteremko wa udongo wa kichanga ambao sisi twauita luseni, umelimwa hadi kileleni, na katikati yake korongo linalopanuka kila masika. Maji yanayoshuka hapo huja mekundu, yamebeba shamba la mtu. Yakifika lambo hupumzika, na mzigo wake hutua chini. Lambo lililochimbwa mita tatu likijaa tope mita moja na nusu, lililobaki si nusu ya maji, ni karibu na hakuna, kwa kuwa jua la Shinyanga hunywa zaidi ya mita moja na nusu ya kimo cha maji katika mwaka. Fedha ilikuwa imechimba shimo, na mteremko ukalifukia. Na mteremko huo, kwa sehemu kubwa, umo katika kijiji kingine, ambacho hakikuitwa kwenye mkutano hata mmoja, kwa sababu lambo halikuwa lao.

Hapa ndipo nilipoanza kuelewa kwa nini sera na sheria za siku hizi husema habari za bonde na si za kijiji. Sera ya Maji ya mwaka 2002, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, zimeweka Bodi za Maji za Mabonde, na chini yake jumuiya za watumia maji, ili walioko juu na walioko chini wakae meza moja. Fedha nayo imetafutiwa njia. Tangu mwaka 2015 kila lita ya petroli na dizeli imekuwa ikikatwa shilingi 50 kwa ajili ya Mfuko wa Maji, na sheria haikuuwekea mfuko huo mabomba peke yake, bali pia utunzaji wa maeneo yanakotoka maji. Maana yake, kijana wa bodaboda wa Kahama amekuwa akichangia chemchemi asiyoijua. Jirani zetu wa bonde la mto Simiyu walipata fedha za mradi wa mazingira wa Ziwa Victoria, ule uitwao LVEMP, ulioanza mwaka 1997 na kuendelea kwa awamu ya pili kuanzia mwaka 2009. Humo vikundi vya vijijini viliomba ruzuku vyenyewe kwa ajili ya miti, matuta, mizinga na kadhalika. Na kule milima ya Uluguru, kuanzia mwaka 2006, ulijaribiwa mpango ambao wakulima wa juu walilipwa kwa kutunza ardhi, na miongoni mwa waliokubali kulipa ni shirika lililouza maji Dar es Salaam. Wazo hilo lilinigusa. Mtu wa chini alikiri kwamba maji yake yana mama.

Kijiji chetu nasi tukaandaa maombi. Nilichaguliwa kuwa katibu, maana mwalimu mstaafu hana pa kujificha na kalamu yake. Fomu ilikuwa nzuri na ndefu. Iliuliza miche mingapi itapandwa, mita ngapi za matuta, mifuko mingapi ya saruji, na mchango wa jamii ni kiasi gani kwa nguvukazi, mawe na mchanga. Niliijaza hadi usiku. Nilipomaliza nikaona kwamba katika kurasa zote hizo hapakuwa na mstari wa kuandika eneo litakaloachwa.

Jambo hili lingebaki kuwa wazo la mzee mpenda mistari, lakini mwezi uleule lilibisha hodi nyumbani kwangu. Marehemu baba alituachia ngitili ya hekta nane hivi, nayo iko juu ya lambo, upande wetu wa mteremko. Ndiyo sehemu pekee ambayo maji yake hushuka taratibu na kwa kiasi fulani safi. Tuko watoto watano, na mdogo wetu wa mwisho anachimba dhahabu Nyarugusu, mkoani Geita. Alikuja na tajiri mwenye lori. Walitaka matimba.

Kwa asiyejua, matimba ni miti iliyonyooka inayopangwa kuzunguka kuta za shimo la mgodi ili udongo usiporomoke. Mgodi mkubwa wa Geita, ulioanza uzalishaji mwaka 2000, una mitambo na njia zake. Mchimbaji mdogo ana sululu, kamba na matimba. Kila duara linaloshuka chini hula miti tangu mdomoni hadi kwenye mwamba, na ikioza hubadilishwa. Misitu ya karibu na machimbo ilikwisha kwenda zamani, na sasa malori huja hata kwetu. Kwa hiyo dhahabu ya Geita inakunywa maji mara mbili. Mara ya kwanza ni kwenye mialo, panapooshwa mchanga na kukamatwa dhahabu kwa zebaki, sumu ambayo nchi yetu iliahidi kuipunguza ilipouridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Mara ya pili ni huku mbali, kwenye miteremko inayovuliwa miti.

Tulikaa kikao cha familia, baba mdogo akiwa mwenyekiti. Nilieleza habari za lambo, tope na korongo, kwa utaratibu kama mtu afundishaye darasa la sita. Mdogo wangu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa heshima:

"Kaka, yote uliyosema ni kweli. Lakini wewe una pensheni. Mimi pensheni yangu ni hiyo ngitili. Na hayo matimba si anasa. Duara letu lina watu kumi na wawili, likiporomoka tunafukiwa. Ng'ombe wa kijiji kizima wananufaika na lambo, kwa nini mti wa kulilinda utoke kwa baba yetu peke yake?"

Kikao kilinyamaza. Dada yetu mkubwa, ambaye kila kiangazi huamka saa tisa usiku kwenda kwenye mchanga wa mto kupanga foleni ya maji, alikuwa wa kwanza kusema. Alimwuliza mdogo wetu kama amesahau mwaka waliokufa ndama wote. Hakusahau. Lakini swali lake lilibaki pale pale, na mimi sikuwa na jibu la kumpa lililo la haki. Aliyekuwa akiombwa aache ni yeye, naye ndiye aliyekuwa na kidogo kuliko sote.

Baba mdogo aliamua kwa njia ya wazee. Miti haitakatwa kwa lori. Itapunguzwa, ile iliyosongamana, kwa miaka, kwa kibali cha serikali ya kijiji na bwana misitu, na matimba hayo atapewa mdogo wetu bila kuuziwa. Mteremko unaotazama lambo hautaguswa kabisa. Na kwa kuwa yeye ndiye anayepoteza zaidi, sisi wenye mishahara na pensheni tutamtolea maksai wawili. Nilitoa mmoja, na kaka yetu wa Mwanza akatoa wa pili. Mdogo wangu alikubali, ingawa najua tajiri wake hakufurahi.

Ndugu msomaji, siku ile niliona ruzuku ikifanya kazi kwa mara ya kwanza, nayo ilikuwa na pembe. Maksai wale wawili hawakununua mti wala tuta. Waligawa uchungu wa kuacha, ili usimwangukie mtu mmoja. Nadhani hiyo ndiyo kazi ambayo fedha ya serikali ingeifanya vizuri kuliko sisi, maana ukoo wetu una maksai wachache na bonde la Manonga lina koo nyingi.

Kwa moyo huo tulikiendea kijiji cha juu. Swali lao lilikuwa lile la mdogo wangu: sisi tunapata nini? Hatukuwa na fedha ya kuwapa. Tulikuwa na lambo. Ikakubaliwa mbele ya dagashida kwamba wao watafunga vichwa vya korongo na ukanda wa mita hamsini kila upande, usilimwe wala usichungwe, na ng'ombe wao watakunywa lamboni kwetu mwezi wa tisa na wa kumi bila malipo. Makubaliano hayo niliyaandika kwa wino, yakatiwa saini na dole gumba, nikayaambatisha kwenye fomu katika sehemu ya mchango wa jamii. Ofisa mmoja kijana aliyeipokea aliuliza kwa upole thamani yake ni shilingi ngapi, na stakabadhi iko wapi. Nilimwambia thamani yake aende akaipime mwenyewe kwa fimbo, lamboni, baada ya miaka mitano. Alicheka, lakini aliandika.

Sisemi kwamba fedha haihitajiki. Tope lililomo halitatoka kwa makubaliano. Litatolewa na mtambo, na mtambo hunywa dizeli. Mawe ya kuziba korongo yanataka lori. Ramani ya mipaka ya ngitili inataka mpimaji, na bila ramani, wajukuu wetu watagombana. Fedha inatakiwa, tena nyingi kuliko ile tunayoipata. Ombi langu kwa wanaozigawa ni dogo. Kabla ya kuuliza tutapanda nini, watuulize tutaacha nini, nani atakosa kwa sababu ya kuacha huko, na atafidiwa vipi. Watuulize pia jirani wa juu ametia saini au la. Kama hajatia, wasitupe hata senti. Lambo la namna hiyo tulikwisha kuliona.

Hadi ninapoandika haya hatujapata jibu la maombi yetu. Kijiji cha juu kimekwisha kufunga vichwa viwili vya korongo kati ya vitatu. Cha tatu kina mgogoro, kwani mwenye shamba anadai ukanda wa mita hamsini unammalizia mihogo yake yote, na ukipima kweli unammalizia. Yeye naye anahitaji maksai wake. Tumepanga kukutana baada ya mavuno, na mdogo wangu ameahidi kurudi kutoka Nyarugusu kwa ajili ya kikao hicho. Anasema kuna jambo la kumwambia mtu yule, ambalo sisi wengine hatuwezi kumwambia.